Majani ya Sukari katika Nchi ya Shaba

Kabla mitambo ya kupima madini haijaenea Katanga, kusini-mashariki mwa Kongo, watafuta shaba walisoma majani. Kwenye vilima vyenye madini mengi miti ya miombo hukomea ubavuni, na kileleni hubaki nyasi fupi na maua yasiyoota kwingineko. Mojawapo ya maua hayo, Haumaniastrum katangense, Wabelgiji waliliita ua la shaba, kwa sababu lilipochanua kwa wingi palikuwa na sababu ya kuchimba. Mtaalamu wa mimea Paul Duvigneaud alichapisha utafiti wake juu ya uoto wa vilima hivyo mwaka 1958, na mwaka 1963, akishirikiana na Denaeyer-De Smet, akatoa kazi nyingine kuhusu shaba na mimea ya Katanga. Mwaka 1977 vipimo vya R. R. Brooks vikaonyesha kwamba mmea wa ukoo huohuo, Haumaniastrum robertii, unaweza kubeba kwenye majani yake zaidi ya gramu 10 za kobalti katika kila kilo ya majani makavu.

Kwamba jani linaweza kubeba ardhi ndani yake ni jambo la kisayansi kwa wasomi wa mimea. Kwa mkazi wa mji wa migodi wa Kolwezi ni jambo la kikombe na sufuria. Watu wengi wa ukanda wa shaba huchemsha majani na kuyanywa: kwa malaria, kwa tumbo, kwa presha, na siku hizi kwa kisukari. Historia ya majani hayo ya sukari imeshikana na historia ya shaba kiasi kwamba huwezi kusimulia moja ukaiacha nyingine. Shaba ndiyo iliyoleta hospitali, shaba ndiyo iliyobadilisha chakula na kazi za watu, na shaba ilipoanguka ndiyo iliyowarudisha wengi kwa mganga wa miti shamba.

Ufundi wa shaba wenyewe ni wa karne nyingi. Wasanga na majirani zao walikuwa na chama cha mafundi waliojulikana kama walaji wa shaba, na Askofu Jean-Félix de Hemptinne aliandika habari zao mwaka 1926. Kazi yao ilikuwa ya kiangazi. Mavuno yakishakwisha, watu walipanda vilimani, wakachimba, wakachoma makaa, wakajenga matanuru kwa udongo wa vichuguu na kuyeyusha shaba hadi ikawa misalaba iliyosafiri mbali kama fedha ya biashara. Mizizi na maganda ya miti ya dawa viliandamana na tanuru. Aliyejua kuyeyusha alijua pia mti gani ukatwe na upi uachwe, kwa kuwa miombo ilimpa fundi makaa yake na ilimpa dawa pia.

Katikati ya karne ya 19 shaba hiyo ilimvuta Msiri, mwana wa mfanyabiashara Kalasa kutoka Usumbwa, magharibi mwa Tanzania ya leo. Aliweka makao yake Bunkeya, ambayo sasa imo katika wilaya ya Lubudi, jimbo la Lualaba, na misafara ikaunganisha mji huo na pwani ya Bahari ya Hindi upande mmoja na Angola upande wa pili. Mmisionari Mskoti Frederick Stanley Arnot alifika huko Februari 1886. Tarehe 20 Desemba 1891 Msiri aliuawa na watu wa msafara wa William Stairs, uliotumwa na Mfalme Leopold wa Pili, na Katanga ikaingia mikononi mwa Dola Huru ya Kongo.

Njia hizo za misafara zilipita chini ya miti ambayo msafiri kutoka Unyamwezi aliitambua bila kuonyeshwa. Mtowo, ambao watoto wa Singida na Dodoma hutafuna matunda yake yenye utomvu mtamu, ndio ambao wanasayansi wanauita Azanza garckeana, na unaota Katanga pia. Mtonga wenye matunda magumu ya duara upo pande zote mbili za Ziwa Tanganyika. Hali kadhalika Erythrina abyssinica, mti wa maua mekundu yanayotangulia majani. Miti hii itarudi baadaye katika simulizi hili, ikiwa maabara.

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika Élisabethville, yaani Lubumbashi, mwaka 1910, na mwaka uliofuata shaba ya kwanza ikayeyushwa. Watu walikusanywa kutoka Kasai, Rhodesia ya Kaskazini, Rwanda na Burundi. Miaka ya mwanzo ilikuwa ya vifo: homa ya mapafu, kuhara damu, homa ya matumbo. Kampuni ikatambua kwamba mfanyakazi anayekufa au kutoroka ni hasara, na kuanzia mwaka 1928 ikageuza mwendo wake, ikawapa watu mikataba ya miaka mitatu, ikawaruhusu kuja na wake zao na kujenga kambi zenye zahanati. Daktari wake René van Nitsen alichapisha mwaka 1933 kitabu kizima juu ya usafi na afya ya wafanyakazi Waafrika katika kambi za viwanda. Daktari mwenzake, Léopold Mottoulle, akawa msemaji mkuu wa siasa hiyo, na mwaka 1946 akaieleza kwa maandishi.

Kolwezi ulizaliwa ndani ya utaratibu huo, mwaka 1937, karibu na machimbo ya Musonoi na Kamoto. Mji ulipangwa kwa matakwa ya mgodi. Mfanyakazi alipewa nyumba, alipewa posho ya unga, mkewe alijifungulia katika hospitali ya kampuni na mtoto wake alipimwa uzito kwa ratiba ya kampuni. Tiba hiyo iliokoa maisha ya watu wengi, na ni haki kulisema hilo wazi. Lakini ilikuja na ubwana wake. Mganga hakuwa na nafasi katika kambi. Elimu yake iliwekwa fungu moja na ushirikina, na aliyeendelea kutibu alitibu jioni, kimyakimya, nyuma ya nyumba. Kizazi cha watoto waliozaliwa kambini kilikua bila kujua majina ya miti ambayo babu zao waliijua kwa kunusa tu.

Kisukari katika miaka hiyo hakikuwa ugonjwa wa mazungumzo ya kila siku. Insulini yenyewe ilikuwa changa: Frederick Banting na Charles Best waliipata Toronto mwaka 1921, na mgonjwa wa kwanza, kijana Leonard Thompson, alidungwa Januari 1922. Kwa Afrika yetu takwimu nzuri zilichelewa sana. Uchunguzi unaokumbukwa zaidi ulifanyika Tanzania chini ya Profesa Donald McLarty wa Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 1989: katika vijiji sita, kati ya watu zaidi ya 6,000 waliopimwa, wenye kisukari hawakufika 1%. Watu wale walilima kwa jembe na kutembea kwa miguu. Tangu hapo mambo yamegeuka. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu wazima milioni 24 katika kanda yake ya Afrika wanaishi na ugonjwa huu, na zaidi ya nusu yao hawajijui.

Mji wa mgodi ulitangulia kuonja mageuzi hayo. Aliyekuwa akichimba kwa sururu akawa dereva wa mtambo, akiketi kwa saa nane. Bukari, yaani ugali, ya unga mweupe uliokobolewa ikachukua mahali pa ulezi na mtama. Chai ikaja na vijiko vyake vya sukari, na bia ya Simba ya Lubumbashi ikawa kinywaji cha siku ya mshahara. Hakuna kimoja kati ya hivyo kinachotosha peke yake kumpa mtu kisukari, ila vikikaa pamoja kwa miaka thelathini katika mwili mmoja, kongosho huchoka, na misuli huacha kuitikia insulini kama zamani.

Mwaka 1967 serikali ya Mobutu iliichukua Union Minière, na baadaye kampuni ikaitwa Gécamines. Hospitali zilibaki, shule zilibaki, posho ilibaki. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa karibu tani 470,000 za shaba kwa mwaka, na mfanyakazi wa Kolwezi aliyeugua alijua mlango wa kuingilia. Halafu nyumba ikaanguka. Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto ilibomoka. Miaka miwili mitatu iliyofuata ikaja ghasia za kisiasa na kufukuzwa kwa watu wenye asili ya Kasai, maelfu yao wakirundikana katika stesheni za reli za Likasi na Kolwezi. Kufikia mwaka 1994 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 40,000. Mishahara ilikatika kwa miezi. Mwaka 2003, katika mpango uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka Gécamines kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Mwanahistoria wa Lubumbashi Donatien Dibwe dia Mwembu alikuwa amekwisha kuchapisha, mwaka 2001, kitabu kuhusu watu wa Shaba, yaani Katanga, kama watoto walioachwa na baba yao. Watu wenyewe ndivyo walivyosema: kazi ilikuwa baba, kazi ilikuwa mama.

Baba huyo alipoondoka aliondoka na funguo za hospitali. Fikiria mtu wa miaka hamsini na tano, aliyezoea kupata vidonge vyake bila kulipa, sasa analipia kipimo, analipia kidonge, analipia sindano, na mshahara hakuna. Kisukari ni ugonjwa wa gharama kwa namna yake, kwa kuwa hakiponi, na mgonjwa hulipa leo, kesho na kila mwezi mpaka mwisho. Fungu la majani sokoni, kinyume chake, linanunulika kwa kiasi ambacho hata nyumba iliyofilisika inaweza kukipata, na muuzaji hukubali mkopo. Elimu ya miti haikuwa imekufa. Ilikuwa imekaa vijijini, Bunkeya, Lubudi, Mutshatsha, na kwa wazee waliokuja na watoto wao mjini. Ikarudi kazini mchana kweupe.

Kwa mnywaji, kanuni ya kwanza ni ulimi. Kutoka Kinshasa hadi Mombasa utasikia kwamba kichungu hukata kitamu, na kwa hiyo jani chungu litakata sukari. Bololo, mboga na dawa chungu inayojulikana kote Kongo, inanywewa kwa hoja hiyo. Pwani ni mwarobaini. Hoja ni dhaifu. Sukari ya damu haina ladha ya kushindana na uchungu, na yapo majani chungu yasiyofanya lolote zaidi ya kuchosha ini. Hata hivyo watu hawakuchagua kwa ulimi peke yake. Walichagua pia kwa kuangalia: mkojo uliokuwa ukivuta sisimizi ukaacha kuwavuta, kiu ikapungua, usiku mtu akalala bila kuamka mara tano. Huo ni uchunguzi halali, na maabara za Ulaya zilianza na uchunguzi wa namna hiyohiyo.

Dawa ya kisukari inayotumiwa zaidi duniani, metformini, ina mizizi yake katika mmea wa Ulaya, Galega officinalis. Wafugaji waliujua kama mmea unaodhuru mifugo. Ndani yake mna galejini, kemikali iliyojaribiwa kwa wagonjwa wa kisukari katika miaka ya 1920 ikaachwa kwa sababu ya sumu yake. Ndugu wa galejini aliyetengenezwa kwa mikono ya wakemia, metformini, alizaliwa Dublin mwaka 1922 katika kazi ya Werner na Bell, akakaa kabatini kwa miaka mingi, mpaka daktari Mfaransa Jean Sterne alipomjaribu kwa wagonjwa na kutangaza matokeo mwaka 1957. Marekani iliikubali dawa hiyo mwishoni mwa mwaka 1994. Kutoka jani la shambani mpaka kidonge kinachouzwa katika kila duka la dawa la Kolwezi palipita vizazi vitatu vya watu, kushindwa mara kadhaa, na sumu iliyolazimika kuondolewa kwanza.

Kisa cha pili kinahusu ua ambalo karibu kila mji wa Afrika ya Mashariki na ya Kati unalipanda mlangoni, lile la waridi au jeupe lenye petali tano, ambalo asili yake ni Madagaska: Catharanthus roseus. Huko Jamaika watu walilinywa kama chai ya kisukari. Mwaka 1952 daktari Clark Noble alimtumia ndugu yake Robert, mtafiti wa Kanada, bahasha yenye majani 25 ya mmea huo. Robert Noble aliyajaribu kwa wanyama akitafuta sukari ishuke. Sukari haikushuka. Kilichoshuka, na kwa kasi ya kutisha, ni chembe nyeupe za damu. Yeye na mkemia Charles Beer wakatoa kutoka majani hayo vinblastini, iliyotangazwa mwaka 1958, na mmea huohuo ukatoa pia vinkristini, dawa ambayo hadi leo inatibu saratani ya damu ya watoto. Bibi wa Jamaika aliyekunywa chai ile kwa ajili ya sukari alikuwa akinywa, bila kujua, kitu chenye nguvu ya kuzuia uboho wa mifupa yake usifanye kazi. Wapo wanaolichemsha ua hilo mpaka leo, na hakuna kikombe chao kilichopimwa.

Kisa cha tatu ni kifupi. Tunda la aki, mti wa Afrika Magharibi uliopelekwa Jamaika, lina kemikali ambayo mwaka 1954 Hassall na Reyle waliitenga na kuiita hipoglisini kwa sababu inashusha sukari. Inaishusha kwa kuuzuia mwili kuchoma mafuta, hadi ini linamaliza akiba yake yote. Waliokula aki bichi walitapika, wakazimia, na wengine wakafa. Kushusha sukari na kutibu kisukari ni mambo mawili, na kuna sumu zinazolifanya la kwanza kwa ustadi mkubwa.

Katika Lubumbashi, kilomita 300 hivi kutoka Kolwezi kwa barabara, kazi ya kutofautisha mambo hayo mawili imeanza. Wafamasia na wakemia wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, wakisaidiana na wenzao wa Ubelgiji, walichapisha mwaka 2017 matokeo ya mimea tisa inayotumiwa dhidi ya kisukari katika eneo la Lubumbashi. Ndani ya orodha hiyo umo mtowo na umo mtonga. Imo Erythrina abyssinica, imo Albizia adianthifolia, imo Vitex madiensis ya jamii ya mifudu, umo mti wa Rauvolfia caffra. Umo pia mmea ambao watu wa pwani wanauita mwingajini. Yaani orodha ya miombo yenyewe, iliyokusanywa kwa matumizi ya watu na siyo kwa vitabu.

Njia ya kupima ni rahisi kueleza. Mmea huchemshwa katika maji, kama mgonjwa anavyofanya nyumbani, kisha maji hukaushwa na kubaki dondoo inayoweza kupimwa kwa miligramu. Wanyama wadogo wa maabara hunyimwa chakula, hupewa dondoo, kisha hunyweshwa glukosi, na tone la damu huchukuliwa kila baada ya muda kuona mlima wa sukari unapanda kiasi gani na unateremka upesi vipi. Pembeni huwekwa kundi lililopewa maji matupu na kundi lililopewa glibenklamidi, kidonge cha hospitali, ili jani lishindane na kitu kinachojulikana. Mingi kati ya mimea ile ilishusha sukari ya wanyama. Kwa mganga aliyeitwa mshirikina kwa karibu miaka mia moja, hiyo ni haki iliyocheleweshwa, na inastahili kusemwa kwa sauti.

Ila haki hiyo ina mipaka yake, na mipaka hiyo ndiyo inayomhusu mgonjwa. Mnyama aliyenyweshwa glukosi kwa saa chache hana kisukari. Ana sukari iliyopanda tu. Hata pale watafiti wa nchi mbalimbali wanapotumia aloksani, kemikali ambayo tangu mwaka 1943 inajulikana kuziua chembe za kongosho zinazotengeneza insulini, bado panya si mama wa miaka sitini mwenye presha na figo zilizoanza kuchoka. Baada ya mnyama huja hatua ya sumu, kisha kipimo kisichobadilika, kisha watu wachache wenye afya, kisha wagonjwa mamia wanaofuatwa kwa miezi. Tanzania imekuwa na kitengo cha utafiti wa tiba asili Muhimbili tangu mwaka 1974, na hata huko safari hiyo huenda polepole. Katika ukanda wa shaba, majani haya yamefika kwa mnyama. Kwa mgonjwa yanafika kila siku, bila kupitia hatua za katikati.

Tena mimea tisa ile si kondoo wa zizi moja. Rauvolfia ni jamii ya miti yenye alkaloidi zinazoteremsha presha. Mgonjwa anayemeza tayari kidonge cha presha hujiongezea dawa bila kujua. Mbegu za mwingajini zimewaua watoto nchini India. Na jani lolote linaloshusha sukari kweli, likinywewa pamoja na glibenklamidi, laweza kuishusha kupita kiasi: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa, kuzimia. Daktari asiyeambiwa habari za majani ataongeza vidonge siku jani linapokosekana na atashangaa siku linapopatikana. Wagonjwa hawamwambii kwa sababu wanaogopa kukaripiwa, na woga huo una historia yake katika zahanati za kambi. Kwa mtoto ambaye kongosho lake halitengenezi insulini kabisa, hakuna jani popote duniani lililothibitishwa kushika nafasi ya sindano. Mzazi anayeacha insulini kwa ahadi ya mchemsho anampoteza mtoto katika siku chache.

Halafu kuna udongo, na hapa Kolwezi ina tatizo ambalo Singida haina.

Jani la mtowo lililochumwa katika msitu wa mbali na jani lililochumwa kando ya barabara ya malori ya madini si dawa moja. Timu ya Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na Benoit Nemery wa Leuven, ilionyesha mwaka 2009 kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti nyingi sana kwenye mkojo. Mwaka 2014 kazi nyingine ya watafiti haohao na wenzao ilifuatilia njia ambazo kobalti inapita, na chakula, zikiwemo mboga za majani, kikawa miongoni mwa njia kuu. Mwaka huohuo wa 2014, katika mtaa wa Kasulo, Kolwezi, madini ya kobalti yaligunduliwa chini ya nyumba za watu, na kwa miezi michache mtaa mzima ukawa mashimo, kila kiwanja na shimo lake, vumbi likitua juu ya sahani, nguo na bustani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta kobalti nyingi kwenye damu na mkojo wa wakazi wa huko, watoto wakiwa wameathirika zaidi.

Sombe, yaani majani ya muhogo, iliyopandwa katika mtaa kama huo huoshwa kabla ya kupikwa, na kuosha huondoa vumbi. Hakuondoi kilichopandishwa na mizizi. Majani ya dawa yana hatari yake ya ziada, kwa sababu huchemshwa kwa muda mrefu ili yatoe vyote vilivyomo, na mgonjwa hunywa maji yenyewe, asubuhi na jioni, mwaka baada ya mwaka. Ikiwa mmea una tabia ya kuvuta metali, mchemsho unaotakiwa kuilinda figo ya mwenye kisukari unaweza kuipelekea kadmiamu na risasi. Malaisse na Brooks, katika kitabu chao cha mwaka 1985 juu ya mimea inayostahimili metali kusini ya kati mwa Afrika, waliorodhesha spishi nyingi za Katanga zenye uwezo huo. Kwa mtazamo wa mwandishi huyu, hilo ndilo swali la kwanza ambalo utafiti wa majani ya sukari katika Lualaba ungepaswa kulijibu, kabla hata ya kuuliza ni jani lipi lenye nguvu zaidi.

Misitu safi nayo inasogea mbali. Miji ya ukanda wa shaba inapika kwa makaa, na Kolwezi umevuta maelfu ya watu tangu bei ya kobalti ipande. Tanuri la mchoma makaa halichagui. Mtonga huingia pamoja na miti mingine. Migodi mipya ya wazi inafyeka vilima vizima. Mchumaji wa dawa aliyekuwa akitembea nusu saa leo anapanda pikipiki, na asiyekuwa na nauli anachuma palipo karibu, yaani kwenye udongo mchafu zaidi. Bei nafuu ya fungu la majani, ile iliyomwokoa mstaafu wa Gécamines, mara nyingi ina maana kwamba jani limetoka karibu.

Vifaa vya kulipima jani hilo havikosekani. Kolwezi ni kati ya miji michache Afrika ambamo kupima shaba na kobalti ni kazi ya kila saa. Migodi mikubwa ina maabara zake. Katika vituo vya kununulia madini pale Musompo, mnunuzi huelekeza kwenye gunia la mchimbaji kifaa cha mkononi ambacho wote wanakiita metorex, na kwa muda mfupi asilimia za metali hutokea kwenye kioo. Vifaa vya aina hiyo vimekwisha kutumiwa na wanabotania duniani kuchunguza majani makavu yaliyohifadhiwa katika makumbusho ya mimea. Fungu la majani makavu kutoka soko la Kolwezi laweza kuwekwa mbele ya kifaa hichohicho, likifuatwa na maabara kwa metali zilizo kidogo mno kuonekana hapo, na mganga akaambiwa ni kilima kipi achume na kipi akiache.